Mwalimu wa Ng'ambo ya Reli

Marehemu shangazi yetu alizaliwa mwaka 1957, mtoto wa pili wa mpaka rangi mabehewa na mshona nguo. Wa kwanza ni kaka yake, Daktari, wa vitabu si wa wagonjwa, aliyeketi hapo mbele kwenye kiti chenye mito.

Alisoma sekondari mpaka ada ya nyumba nzima ikaelekezwa kwa kaka. Akavuka kwenda chuo cha jamii kilichoko ng'ambo ya reli, akasomea friji na viyoyozi, kisha akabaki kufundisha mpaka alipostaafu mwaka 2017. Waliojiona walikiita jaa la waliofeli. Friji zao zilipokufa, njia ya jaani waliijua vizuri sana.

Mwaka 1986 aliolewa na mpishi wa chuo, aliyemtangulia mbele ya haki. Kaka hakuja harusini; eti alikuwa na kongamano. "Mbona hakuacha pengo," bibi harusi alisema. "Kiti chake kilipata mtu mwenye adabu."

Hawakujaliwa mtoto, ila mwaka 2004 walipata wa kuazima. Mwana wa Daktari alifeli kidato cha nne. Aibu iliyoje kwa msomi! Akamtua kwa dada yake na begi moja, akawatangazia majirani kwamba kijana anasoma ng'ambo. Wageni walipomuuliza shangazi, hakupepesa macho: "Yuko ng'ambo, ndiyo. Na baridi ya huko, we acha tu!" Wakati huo kijana yuko karakanani, kichwa ndani ya friji.

Siku ya mahafali ya kijana, shangazi alimsihi kaka yake aje.

"Watu wataniona," Daktari alisema.

"Si ndiyo maana ya kuja?"

Hakuja. Shangazi, aliyezoea kucheka dharau, siku hiyo alilia.

Mwaka jana figo zilimlaza. Akamwambia kijana wake: "Siri ya baba yako nimeitunza. Usinizike nayo." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Jana Daktari aliagiza hapa tuandike "mhadhiri wa chuo kikuu". Hatukuandika. Uongo mmoja ulimtosha.

Ameacha kaka mmoja, mafundi waliojaa hapa hadi barabarani, na mtoto wa kaka aliyesoma ng'ambo. Ya reli. Ndiye anayewasomea wasifu huu.

Shangazi, mzigo tumekutua. Lala kwa amani.