Miaka Ishirini na Miwili ya Kuishuku Nafasi ya Kwanza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minne ya kazi, Bi Rudayna Haddadin atakabidhi ufunguo wa chumba namba tatu katika ofisi yetu ya mtaa wa Jabal al-Luweibdeh. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Muhannad wa meza ya wahariri, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilijaribu kukwepa mara mbili, nikashindwa.

Alikuja kwetu kama msahihishaji wa prufu. Siku hizo tulikuwa tunachapa jarida la wazazi, na tovuti yetu ya Mahd ilikuwa kurasa thelathini tu zisizo na mwenyewe. Yeye alizisoma zote kwa sababu hakuvumilia makosa ya tahajia. Wiki haikwisha, akamwendea mkurugenzi wetu, Ustadhi Fawwaz, na kumwambia kwamba kuna ukurasa mmoja ambao injini ya utafutaji inaupenda kupita kiasi.

"Ukurasa mbaya namna hii uwe wa kwanza? Hapana, Ustadhi. Hapa pana kitu."

Akaburura kipanya juu ya sehemu iliyoonekana tupu. Yakajitokeza maneno "homa ya mtoto", zaidi ya mara mia mbili, kwa herufi nyeupe juu ya weupe. Aliyemtangulia kazini aliyaficha pale ili mashine iyaone na binadamu asiyaone.

"Lakini si yanafanya kazi?" Ustadhi Fawwaz alimwuliza.

"Na mwizi naye anafanya kazi. Tena hana likizo."

Aliyafuta. Tukaporomoka hadi ukurasa wa nne, na ofisi nzima ikamnunia. Mwaka uliofuata injini ilibadilisha kanuni zake, na tovuti zilizoficha maneno zikaondolewa kwenye matokeo moja kwa moja. Sisi tukabaki. Ndipo akakabidhiwa tovuti nzima, pamoja na kile chumba namba tatu, ambacho wakati huo kilikuwa stoo ya magazeti ya zamani.

Tulimwita Umm Laith, kwa jina la mwanawe. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Idara ya Usalama. Muuza mboga wa mtaa wetu alikuwa akimwona tu anashuka ngazi, anaanza kupangusa mizani. Mikataba aliisoma kuanzia ukurasa wa mwisho, akisema kwamba huko ndiko wanakolala nyoka. Na kila kijana mtanashati aliyepanda kwetu na mkoba, akiahidi kutufikisha nafasi ya kwanza kwa siku thelathini, alikaribishwa kahawa, akasikilizwa kwa adabu, kisha akaulizwa swali moja tu: "Na siku ya thelathini na moja?"

Kanuni zilipobadilika tena, zikaanza kupendelea tovuti zinazofunguka haraka kwenye simu, sisi tulitulia. Kwenye simu zetu za ofisini Mahd ilifunguka vizuri. Umm Laith hakuamini. Alikwenda kukaa siku tatu kwenye benchi la kliniki ya watoto mjini Zarqa, miongoni mwa akina mama, akihesabu sekunde. Aliporudi, alimsimamia fundi wetu wa picha kichwani.

"Sekunde kumi na tisa! Mtoto analia, mama ana mkono mmoja tu, na wewe unamwonyesha maua?"

"Umm Laith, yale maua ndiyo sura ya tovuti."

"Basi sura hiyo ioshe kidogo, inameza mtandao wa watu."

Maua yakaondoka. Tukapanda. Fundi hakumsalimu mpaka Ramadhani.

Ningependa niishie kwenye visa vya aina hiyo. Lakini ulikuwepo mwaka wa kumi na tano.

Jumatano moja tulifika kazini tukakuta wasomaji wa Mahd wameanguka kutoka elfu arobaini kwa siku hadi elfu tisa. Injini ilikuwa imebadilisha kanuni bila kueleza, kama kawaida yake. Wiki hiyohiyo tovuti ya wapinzani wetu ilipanda, na kurasa zao zikakaa pale pale zilipokuwa zetu. Ustadhi Fawwaz alituita wote kumi na wanne, hakutukaribisha hata kuketi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Wamejuaje kurasa zetu zote nzuri? Nani amewapa?"

Tangu siku hiyo ofisi iliharibika. Watu walifunika skrini. Mazungumzo jikoni yalikatika kila mtu alipoingia kuchukua chai. Wengine walimshuku Bwana Ziyad, mshauri aliyeajiriwa miezi sita kabla ili atutafutie viungo, yaani tovuti nyingine zituelekezee wasomaji. Mimi sikumshuku Ziyad. Alikuwa mcheshi, na kila Alhamisi alikuja na sinia la kunafa, kile kitamu cha jibini na sharubati.

Nilimshuku Umm Laith. Nilikuwa nimemwona mara mbili, kwenye mkahawa wa karibu na mzunguko wa barabara wa mtaani kwetu uitwao Paris, ameinamiana na mwanamke niliyemjua kwa picha: Daktari Arwa, aliyekuwa akiwaandikia wapinzani wetu. Mara ya pili Umm Laith alikuwa amemfunulia karatasi mezani, na aliponiona nikipita dirishani, akazigeuza. Kesho yake nilimwona akinakili kurasa zetu kwenye flashi yake binafsi. Nikaunganisha moja na moja, nikapanda kwa Ustadhi Fawwaz, nikafunga mlango, nikasema.

Nilijiambia kwamba nailinda kazi yetu. Ukweli ni kwamba nilitaka macho ya yule bwana yaondoke kwangu.

Asubuhi iliyofuata nywila ya Umm Laith ilifungwa. Alitoka kwa mkurugenzi akiwa na uso mweupe kama unga, akasimama katikati ya chumba.

"Nimeuliza ni nani, nimekataliwa," alisema. "Sawa. Mimi pia ningekataa kusema. Lakini mwenye macho angekuja kuniuliza mimi kwanza."

Hakwenda nyumbani kama tulivyotarajia. Siku nne alikuja saa mbili kamili, akaketi mbele ya skrini iliyofungwa, akasoma makaratasi aliyokuwa ameyachapa, kalamu nyekundu mkononi. Sauti ya kalamu hiyo ilinikera kuliko tusi.

Siku ya tano aliomba kikao. Aliweka mezani mafungu mawili ya karatasi.

Fungu la kwanza lilikuwa orodha ya tovuti zilizotuelekezea wasomaji tangu Ziyad aje: za kamari, za saa bandia, za dawa za kupunguza tumbo. Mamia kwa mamia. Injini ilikuwa imejifunza kuzitambua, na yeyote aliyesimama nazo ilimhesabu kuwa mmoja wao. Ziyad alicheka, akasema kila mtu anafanya hivyo. Alhamisi ile hakuja, wala hakuja tena.

"Huyo ni mafua tu," Umm Laith alisema. "Ugonjwa wenyewe uko huku."

Akagusa fungu la pili. Alikuwa amezisoma kurasa zote zilizopanda siku ile ya Jumatano, za wapinzani na za wageni, akitafuta zinafanana wapi. Zilikuwa na jina la daktari aliyezipitia, na tarehe. Zetu hazikuwa na jina la mtu. Injini sasa ilitaka kujua nani anasema, hasa panapohusu afya ya watu. Ndiyo sababu alikwenda kwa Daktari Arwa: alikuwa akimbembeleza asome kurasa zetu, na yule mwanamke aliogopa kuonekana na watu wetu kama sisi tulivyoogopa kuonekana na wao.

"Akakubali kusoma kumi tu, bila kulipwa, kwa urafiki," alisema. "Ukurasa wa tatu akausukuma kwangu. Usomeni."

Ulikuwa ukurasa wetu uliosomwa kuliko yote, kuhusu kikohozi cha mtoto mchanga. Aya ya pili ilishauri kijiko kidogo cha asali, asubuhi na jioni, kuanzia mwezi wa tatu. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Inaweza kumpa sumu ya kulegeza viungo hata akashindwa kupumua. Ukurasa ule ulikaa kwenye nafasi ya kwanza kwa miaka sita.

Niliuandika mimi.

Niliuandika mchana mmoja kwa kunakili kutoka tovuti nyingine, maana Ustadhi Fawwaz alitaka kurasa tano kwa siku. Nilikaa pale kikaoni nikisubiri jina langu. Umm Laith aliigeuza karatasi, nikaona herufi za kwanza za jina la mwandishi, ambazo huonekana kwenye nakala za ofisini tu, zimefutwa kwa wino mzito.

"Nani ameandika huu?" Ustadhi Fawwaz aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeuruhusu," alisema Umm Laith. "Nilishuku mizani ya mboga, nikashuku saa ya ofisi, nikashuku kila aliyepanda ngazi zile. Huu sikuushuku, kwa sababu ulikuwa wa kwanza. Hilo ni langu."

Akakusanya mafungu yake mawili.

Baada ya kikao alinijia mezani, akaketi. "Ulitoa wapi yale ya asali?"

"Kwenye tovuti moja ya Alexandria."

"Nimewapigia simu. Wanasema walitoa kwetu." Akaniwekea ile karatasi mbele yangu. "Muhannad, mwanangu, hivi unaelewa? Hakuna aliyesema. Tulinakiliana tu, na mashine ikadhani tuko wengi."

Alirudishiwa nywila yake mchana huo. Ukurasa wa asali alikataa kuufuta kimyakimya. Aliweka pale pale, kwa herufi kubwa, kwamba tulikosea na kwamba mama asimpe mtoto asali kabla ya mwaka. Kisha akafuta kurasa mia sita kati ya elfu moja na mia nne.

"Unanifutia wasomaji wangu!" Ustadhi Fawwaz alipiga kelele ngazini.

"Nakufutia aibu, Ustadhi. Wasomaji watarudi."

Walichukua miezi kumi na mmoja kurudi. Kurasa zilizobaki zilipitiwa na Daktari Arwa na wenzake wawili, kila mmoja akaweka jina lake. Katika kipindi hicho barua zilikuja kutoka Irbid, Karak, hata Basra, za akina mama waliosoma masahihisho na kuuliza wafanye nini. Umm Laith alizijibu zote kwa simu, daktari akiwa pembeni. Wale ambao hawakuandika hatuwajui. Aliwahi kuniambia kwamba hao ndio wanaomwamsha usiku.

Tangu hapo kanuni zimebadilika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sasa mashine inajibu yenyewe kabla msomaji hajatufikia. Mahd haijaanguka tena kama siku ile. Orodha ya mafanikio ya Umm Laith kwenye faili la utumishi ni ndefu: tuzo mbili, vijana kumi na mmoja aliowafundisha, na kanuni ya nyumba yetu kwamba hakuna ukurasa wa afya unaotoka bila jina la mtu anayeweza kupigiwa simu.

Wiki mbili zilizopita, nilipopewa kazi hii, nilikwenda chumba namba tatu kumwambia kwamba ni mimi niliyemsema kwa mkurugenzi.

"Najua," alisema bila kuacha kupanga vitabu kwenye boksi. "Asubuhi ile wote waliniangalia kwa woga. Wewe peke yako uliniletea chai."

"Mbona basi ulifuta jina langu?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshajua kuogopa. Nilitaka mhariri anayeogopa." Akanipa vitabu viwili nimshikie. "Sasa yaandike hayo. Yote. Usiniandikie sifa tupu, watu watadhani nimekulipa."

Nimeyaandika. Umm Laith, unarudi mji wa Salt kwenye nyumba ya baba yako na ile mizabibu unayosema jirani anaichuma kisirisiri. Tunamwonea huruma jirani. Asante kwa kutotuamini mpaka tulipostahili. Mungu akupe afya, akupe usingizi usiokatizwa na mtu, na mlango wako ubishwe na wanaokupenda tu. Na mimi, kwa niaba yangu mwenyewe na kwa jina langu kamili, naomba radhi.

Muhannad Khreisat, meza ya wahariri