Kiti Kimoja Kinachobaki

Benchi la pale kona, nje ya ukumbi wa harusi, lilikatika mguu siku nyingi, lakini watu bado wanaambiana "tukutane benchini". Asubuhi hiyo Profesa, Kinyozi na Fundi Saa walikuwa wamejiachia kwenye viti, vikombe vya kahawa mkononi. Mwenyekiti, ambaye cheo chake chote ni kukodisha viti, alikuwa amesimama, jasho linamtoka. Shangazi wa bibi harusi alikodi viti vyake vyote na kutoa amri: safu zilingane, kisibaki hata kimoja. La sivyo, harusi zote za ukoo ule zinahamia kwa mpinzani wake. Mwenyekiti aliogopa kwelikweli.

— Viti elfu moja na ishirini na kimoja, alisema. Nikipanga safu za kumi, kinabaki kimoja. Za kumi na mbili, kimoja. Za kumi na tano, kimoja. Za ishirini, kimoja!

— Kilekile? aliuliza Kinyozi.

— Nitajuaje, na vinafanana?

— Usikidharau, alisema Fundi Saa. Umoja ni nguvu. Hicho kimoja kinawashinda wenzake wote.

Profesa, aliyewahi kusoma chuo muhula mmoja, akakohoa.

— Hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

— Tasa? Harusini? Kinyozi nusura amwage kahawa. Unataka mtoto wa watu asizae?

— Ni hesabu, bwana!

— Basi hesabu yenyewe ipelekwe kwa mganga.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Fundi Saa. Itafutiwe tasa mwenzake, waoane.

— Hapo umenena. Tasa mara tasa, jibu lao linagawanyika. Nilisoma mimi.

— Na mshenga nani?

Mwenyekiti alitamani kulia. Harusi ni saa nane, na hawa wanaoza namba.

— Jamani, nisaidieni!

— Tulia. Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Profesa, akaegemea mpaka kiti kikalia.

Hapo ndipo Shangazi alipotokea, mkoba kwapani.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Mmemaliza?

Mwenyekiti akamweleza yote: kile kiti kimoja, utasa, mganga, na ile ndoa. Shangazi alisikiliza, macho yakishuka taratibu.

— Na hivi walivyokalia hawa, ni vya nani?

Kinyozi alichungulia kikombe chake. Profesa, mwenye nadharia ya kila kitu, hakuwa nayo ya kilichokuwa chini ya makalio yake. Mwenyekiti alikumbuka siku benchi lilipovunjika. Aliwaazima viti vitatu, akasema ni kwa leo tu.

— Inukeni!

Walivibeba wenyewe hadi ndani. Safu thelathini na mbili, kila safu viti thelathini na viwili, hakikubaki hata kimoja. Shangazi alizunguka ukumbi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Na harusi ya mdogo wa bibi harusi utafanya wewe.

Mwenyekiti alirudi kona akichekacheka kwa furaha. Wenzake walikuwa wamekwisha kumimina kahawa nyingine.

— Sasa sisi tukae wapi? aliuliza Profesa.

Kahawa waliinywa wamesimama.