Bwana Afya Yunisi na Ubao Mweusi Kuliko Wote

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Yunisi Ntabaye atakabidhi funguo za kabati la faili na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya afya hapa Kigoma kwa miaka thelathini na minne na miezi saba. Humo imo ile wiki aliyokwama Mwamgongo kwa sababu ya mawimbi, akakagua vyoo vya kijiji kizima mara mbili mbili kwa kukosa kazi nyingine. Wanakijiji wanaikumbuka wiki hiyo vizuri sana.

Kwenye mwambao huu afisa afya huitwa Bwana Afya, awe mwanamume au mwanamke, na Yunisi hakupewa msamaha. Watoto humpokea kwa Shikamoo Bwana Afya, naye huitikia marahaba bila kupepesa jicho. Mwaka 1998 mwaliko wa semina ulikuja kwa Bwana Afya na mke wake. Mumewe, Ndugu Feliksi, fundi cherehani wa Ujiji, akavaa suti akaenda. Alikaa kwenye kiti chenye kadi ya Mke wa Bwana Afya, akala, akapiga makofi, akarudi na doti ya kanga aliyokabidhiwa mbele ya watu. Mpaka leo anadai hajaona semina nzuri kama ile.

Pale Katonga Yunisi aliwakuta kina mama wakianika dagaa mchangani, akapiga kelele miaka mitatu mpaka chanja za kuanikia zikasimama. Boti amepanda mara zisizo na idadi na hakuizoea hata moja. Hufumba macho tangu gatini na kuuliza kila dakika tano kama tumefika. Sisi wadogo wa ofisi tulikuwa tukimjibu kwamba tumefika, wakati bado tuko katikati ya ziwa. Tunaomba radhi, ila si sana.

Hata hivyo, kazi inayomtambulisha zaidi ilianza na kosa, na mwenyewe ameagiza liandikwe humu, la sivyo haji kwenye sherehe.

Mwaka 1993 alikagua shule moja ya msingi ya mwambao wa kaskazini. Hatulitaji jina lake, maana mwalimu mkuu wa sasa amealikwa na ni mwepesi wa kununa. Huko alikuta ubao mweusi kuliko ubao wowote aliowahi kuuona. Mtoto wa dawati la mwisho alisoma bila kukunja uso. Fundi wake alikuwa Mwalimu Nehemia. Kila Ijumaa aliwaagiza wanafunzi walete betri mbovu za tochi na redio, na kwetu hazikosekani, kwa jinsi wavuvi wanavyozitupa. Wanafunzi walizipasua na kutwanga unga mweusi wa ndani, Mwalimu akauchekecha kwa kitambaa, akauchanganya na maji ya majani ya viazi, akapaka. Yunisi alifurahi mno. Alitoa kumi kwa kumi, akaandika chini ya fomu: Njia hii iigwe na shule nyingine.

Ikaigwa. Mwalimu Nehemia akawa mtu wa kufuatwa kwa boti, shule kumi na moja kwa miaka ishirini, na kila safari alirudi na pua nyeusi na heshima tele.

Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hatua zikawa fupi, na uso haukucheka hata kwa vichekesho vyake mwenyewe. Kijijini wakasema ni gongo. Kanisani kwake wakamvua uongozi wa kwaya, kwa hoja kwamba mtu hawezi kupepesuka mbele ya madhabahu. Maskini wa Mungu, hakuwa ameonja pombe tangu kipaimara.

Yunisi alikwenda shuleni kukagua vyoo, akamkuta akiita majina. Alichofanya kwanza hakitamshangaza yeyote anayemjua: alimnusa. Mara mbili. Pombe hakuna. Kisha akatazama daftari la mahudhurio, akaona kila mstari umeanza kwa herufi kubwa na kumalizikia kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Alimpakia kwenye boti siku hiyohiyo na, kwa mara ya kwanza, hakufumba macho njia nzima.

Mjini alikuwepo Daktari Skolastika, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, aliyekuja kwa kliniki ya wiki moja. Aliuliza kama mgonjwa amewahi kufanya kazi mgodini au kuchomelea vyuma. Yunisi alicheka, mwalimu na mgodi wapi na wapi. Halafu akakumbuka ule ubao, akauliza kuhusu betri. Daktari akaeleza kwamba unga ule una madini ya manganizi, na mtu akiyavuta puani kwa miaka mingi yanaweza kukaa kwenye ubongo na kuuchakaza polepole, dalili zikafanana na za ugonjwa wa Parkinson. Hakuweza kuapa kwamba kwa Mwalimu chanzo ni hicho tu. Alichoweza kuapia ni kwamba huyu si mlevi.

Fomu ya 1993 ilikuwa kabatini, nusu imeliwa na mchwa. Hakuna mwingine aliyeikumbuka. Angewaachia mchwa miezi michache tu, wangemaliza kazi na jina lake lingebaki safi. Aliifunga kwenye nailoni, akapanda boti Jumapili, akasimama kanisani kwa Mwalimu baada ya ibada na kuisoma yote mpaka sahihi. Aliwaambia kwamba Mwalimu wao ni mgonjwa, kwamba gongo halihusiki, na kwamba aliyeeneza unga ule ni yeye. Alilia, na sisi tuliomsindikiza tukalia. Mwalimu Nehemia akainuka taratibu kutoka benchi la nyuma, akaanza kwa lakini ya Kiha, "Ariko Bwana Afya, ubao ulikuwa mweusi kweli." Kanisa zima likaangua kicheko, machozi hayajakauka.

Kwaya alirudishiwa wiki iliyofuata. Dawa zinamsaidia kidogo tu na mkono bado unatetemeka, kwa hiyo waimbaji hufuata kichwa chake. Bi. Rozalia wa sauti ya pili, aliyekuwa wa kwanza kutaja gongo, ndiye anayemfungulia kitabu.

Yunisi alizirudia shule zote kumi na moja. Utwangaji ulikoma, betri mbovu zikawekewa mapipa yenye mifuniko, na mbao zikapakwa rangi ya dukani baada ya yeye kusoma maandishi ya kopo mara tatu. Ubao wa kwanza uling'aa mpaka chaki ikateleza na watoto wakautumia kujitazama meno. Wa pili ulisuguliwa kwa msasa, ukakubali chaki.

Kisha akafungua daftari lingine, la wanafunzi wote waliowahi kutwanga. Majina mia mbili na kumi na mawili. Kila Agosti huwatafuta, mmoja mmoja, na kuwaandikisha majina yao mara ishirini, halafu hupima herufi ya kwanza na ya mwisho kwa rula, aone kama maandishi yanasinyaa kama ya Mwalimu. Wawili amewahi kuwafikisha kwa daktari mapema. Wa tatu alimnusa tu, akamrudisha nyumbani.

Daftari hilo amenikabidhi juzi. Jina la tisa ni Elikana, yaani mimi ninayeandika haya. Nilikuwa kiranja wa kutwanga. Kwa miaka kumi ameniandikisha, akapima, akanifukuza niende nikale, nami kila mara nimetoka ofisini mwake nikitaka kurukaruka.

Asante, Bwana Afya wetu. Tunakuombea siku ndefu na njema pale Ujiji, pamoja na mkeo Feliksi. Ila Agosti uje, tafadhali. Wengine mia mbili na kumi na mmoja nitawapima mimi. Mimi nani atanipima?