Mtahini wa Kibanda Namba Tisa

Mtahini Mkuu wa walimu wa gofu ataondoka kazini tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja. Katibu wa chama alithibitisha hayo Jumatatu, akaongeza kwamba limebaki jalada moja tu ambalo halijafungwa.

Alianza kama karani wa leseni. Yeye ndiye aliyepanga madaraja tunayotumia leo: Mwalimu Msaidizi, Mwalimu Kamili na Mwalimu Mwandamizi. Kabla yake, kila mwenye kofia nzuri alijiita kocha.

Tulimwita Sikio. Hutahini akiwa amewapa mgongo watahiniwa, kila mmoja katika kibanda chake cha kupigia, kiti kikitazama ukuta, na kutoa alama kwa kusikiliza fimbo ikigonga mpira, ili sura na undugu visimpotoshe. Kwa mtindo huo alimfelisha shemeji yake mara mbili. Shemeji alimnunia mwaka mzima.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini, kijana wa kibanda namba tisa alipata alama 84 na cheo cha Mwalimu Msaidizi. Alipoitwa kusaini, hakuwapo. Adhuhuri simu ikapigwa: kijana alikuwa amefariki alfajiri, njiani kuja mtihanini. Kikapu chake cha mipira hamsini kilikuwa kitupu, na mipira imetapakaa uwanjani.

Katibu wa wakati huo alimwambia Sikio afute alama hizo. Jibu lake bado linasimuliwa ofisini: “Bwana Katibu, mimi sitahini mtu, natahini mpigo. Mpigo niliusikia.”

Miaka mitatu baadaye, siku ya mtihani wa daraja la pili, kikapu cha namba tisa kilikutwa kitupu tena. Sikio aliandika 88. Msaidizi wake, aliyekaa pembeni akitazama kibanda kile, aliandika kwamba hakuona mtu, ila aliiona mipira ikiondoka. Akaomba uhamisho wiki hiyohiyo.

Vyeti vyote viwili vimetundikwa sebuleni kwa mama wa kijana. Mwezi uliopita mama huyo alikuja ofisini, akakaa bila kuvua mtandio. “Baba, mwanangu alitaka madaraja matatu,” alisema. “Nimesikia unaondoka. Usiniachie mtoto njiani.”

Mama alikuwa na haki ya kuharakisha. Kanuni inataka daraja la tatu lisainiwe na mtahini aliyetoa yale mawili ya mwanzo. Baada ya tarehe 30, hakuna mwenye sahihi hiyo.

Ugumu ulikuwa kwingine. Anayetaka uandamizi hufundisha, kwa saa moja, mtu ambaye hajawahi kushika fimbo. Mwanafunzi akiinua hewani kwa fimbo mipira kumi kati ya ishirini, mwalimu amefaulu. Wanafunzi watatu walipangiwa kibanda namba tisa. Wote walijitoa. Mmoja alisema mgongo unamuuma, na fimbo hajaiona bado.

Jumatano fomu ya nne iliwasilishwa. Mwanafunzi ana miaka sitini na minane na hajawahi kucheza. Penye uhusiano na mwalimu ameandika: mama mzazi. Katibu amepekua kanuni zote, hakuona kifungu kinachomzuia.

Tunamshukuru Sikio kwa kazi safi, na tunamwombea mapumziko yenye afya na ukimya wa kutosha. Mtihani wake wa mwisho ni Jumamosi, tarehe 27 Juni, saa nne kamili asubuhi. Kiti kimeshageuziwa ukutani.