Barua Iliyokaa Siku Nne: Kwa Mama Evodie Sangwa, Delege Wetu

Tarehe 26 Juni 2025, Mama Evodie Sangwa anafunga dirisha la barua za rekomande, zile zinazopokelewa kwa saini, katika posta ya Bandarini, hapa Kalemie, baada ya kutumikia miaka thelathini na minne. Kumi na sita kati ya hiyo amekuwa pia delege wetu katika sendika, chama cha wafanyakazi; delege ni yule anayeingia kwa wakubwa kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa kijarida, wenye furaha na usio na malalamiko. Furaha ipo. Kuhusu ukurasa mmoja, nitajitahidi.

Aliingia kazini mwaka wa 1991. Ni binti wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Kabalo, aliyeletwa Kalemie akiwa mdogo. Hadi leo anashikilia kwamba samaki wa Lualaba ni watamu kuliko wa ziwa letu. Tumemvumilia kwa mengi, lakini hilo hatujalisamehe.

Anwani za kwetu mnazijua: nyumba ya bati la kijani nyuma ya kanisa, muulize mama wa maandazi. Mama Evodie hakurudisha barua kwa sababu ya anwani ya namna hiyo. Mwaka mmoja ilifika bahasha iliyoandikwa tu "Kwa Papa mwenye ng'ombe mwekundu wa pembe moja, Pepa." Sisi tulicheka. Yeye akawa anapita sokoni kila jioni, kwa wauza nyama na madereva wa malori ya Marungu, milima iliko Pepa, akiulizia ng'ombe. Wiki ya tatu mwenye ng'ombe akateremka mwenyewe kwa lori, juu ya magunia ya viazi, akasaini, akasoma barua yake palepale dirishani, kisha akamshika mkono Mama Evodie kwa muda mrefu.

Na anapiga muhuri kwa nguvu kama anayevunja mawe. Wapakuzi wa bandari hujua kwamba tumefungua wanapomsikia. Meza mbili amezimaliza. Ya tatu tunaiacha hapo kwa heshima yake.

Lakini siwezi kumuaga mtu huyu bila kuandika habari ya Machi 2019, maana ndipo tulipomjua, na ndipo tulipojijua sisi wenyewe pia.

Mwezi huo uongozi wa wakati ule ulitangaza kwamba chumba cha kuchambua barua kitafungwa na watu wake kumi na mmoja watahamishiwa Kabalo. Watoto walikuwa katikati ya mwaka wa shule. Papa Gaspard, mchambuzi mzee kuliko wote, alikuwa na mke mgonjwa asiyeweza kusafiri. Tukamtuma Mama Evodie kwa mkurugenzi. Aliingia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila alipotoka alipita mbele yetu akisema tu tungoje.

Kungoja kulitushinda. Mtu mmoja alimwona akinywa chai kwenye baraza ya mkurugenzi. Mwingine akagundua kwamba jina lake halimo katika orodha ya wanaohamishwa. Wa tatu akakumbuka kwamba Kabalo ni kwao. Kabla ya mwisho wa wiki, habari ilikuwa imekamilika na kila mtu aliijua: delege ametuuza. Karatasi ya kumwondoa ikazungushwa. Watu tisa tulisaini, na saini yangu ni ya nne kutoka juu, nzuri sana, yenye mkia.

Alhamisi ya wiki hiyo, katika mfuko wa barua kutoka ofisi kuu, ilitoka barua ya rekomande yenye jina lake. Chumba kizima kiliiona. Tukajiambia kwamba ile ndiyo zawadi yake ya kutuuza. Kuifungua hakuna aliyethubutu. Tumeapa kutunza siri ya barua, na hata tulijisifu kwamba hatukuifungua. Lakini haikupelekwa dirishani pake. Mkono wa mmoja wetu uliisukuma ndani ya kasiye, kile kishubaka cha barua zisizo na mwenyewe, na sote kumi na mmoja tukaendelea kuchambua kana kwamba hatukuona.

Ilikaa humo siku nne. Wachambua barua tu ndio wanaoweza kufanya kosa la namna hiyo: kumwadhibu mtu kwa kumnyima barua yake.

Jumatatu mchana ikamfikia fomu ya ule mfuko. Fomu ilisema rekomande saba. Dirishani alikuwa amepokea sita. Akaja chumbani kwetu na ile fomu mkononi. Hakumuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasiye la barua zisizo na mwenyewe, akaingiza mkono, akaitoa.

Nakiri kwamba niliacha kuchambua. Kuficha rekomande ni kufukuzwa kazi, hakuna mjadala. Uongozi ulikuwa unatafuta sababu ya kufunga chumba chetu, na sababu ilikuwa pale, kwenye fomu, ikibaki yeye tu aandike sentensi moja. Pia alikuwa ameshaiona karatasi yenye saini tisa. Mtu mwingine angeandika sentensi hiyo na kwenda kula.

Yeye aliiweka bahasha juu ya meza, ikiwa bado imefungwa, akamwita Papa Gaspard, aliyekuwa amesema kwa sauti kuliko wote, na Mama Claire wa dirisha la stempu, aliyeitembeza ile karatasi. Akasema hivi, maneno nayakumbuka vizuri: "Mufuko wa posta unafunguliwaka mbele ya watu wawili. Na hii tuifungue vile vile. Papa Gaspard, soma kwa nguvu, wote wasikie."

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba ombi la sendika limekubaliwa: mkaguzi wa kazi atasikiliza pande zote mbili kesho yake, Jumanne, saa tatu asubuhi, na kila upande ulete ushahidi wa maandishi. Kesho yake! Siku nne tulizompa adhabu zilikuwa siku zetu za kujitayarisha.

Ukurasa wa pili ulikuwa jibu kwa Mama Evodie mwenyewe. Alikuwa ameandika akiomba jina lake liingizwe kwenye orodha ya wanaohamishwa, la kumi na mbili, na ofisi kuu ilimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa sheria hairuhusu delege kuhamishwa.

Papa Gaspard alisoma mstari huo mara mbili. Mama Claire alilia wazi, bila kujificha. Mimi nilitazama mizani ya vifurushi, maana sikuwa na pa kutazama.

Tulingoja atugombeze. Badala yake akajigombeza. Delege aliyemtangulia alikuwa akitangaza kila ahadi ya mdomo, nasi mara tatu tulishangilia kitu ambacho hakikufika. Kwa hiyo yeye aliapa kutosema lolote lisiloandikwa. "Nilifikiri kunyamaza njo kuwalinda," alisema. "Niliwaacha muwaze peke yenu. Ile njo kosa yangu, na miye naisema mbele yenu." Kisha akauliza nani ana mwandiko unaosomeka, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Mchana ule chumba kilifanya kazi ambayo sijaiona tena. Tulitoa madaftari ya mwaka mzima, tukaorodhesha mifuko ya Kabimba na ya Pepa, na vifurushi vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma, vyote vinavyopita mikononi mwetu, ili mkaguzi aone kwamba chumba kina kazi. Asubuhi Mama Evodie aliingia kwa mkaguzi na Gaspard upande mmoja, Claire upande wa pili. Baada ya wiki tano uhamisho ulifutwa. Walikwenda Kabalo wawili tu, walioomba wenyewe.

Tangu siku hiyo barua ya sendika haifunguliwi na delege peke yake. Hufunguliwa juu ya ile meza ya kuchambulia, mbele ya wafanyakazi wawili, na Mama Evodie alitaka wawe wale wanaomshuku zaidi. Mwaka wa 2022, tulipogombana na wakubwa juu ya zamu za likizo, alikosa kumpata wa kumshuku, ikabidi Papa Gaspard ajitolee kujifanya.

Na ile fomu? Aliijaza siku ileile: "Imechelewa katika uchambuzi. Imepatikana." Maneno manne, yote ya kweli, na hakuna aliyepoteza kazi.

Sasa nifike kwangu. Jumanne ijayo tunamchagua delege mpya, na mnajua kwamba jina langu ni moja kati ya mawili. Mkono ulioisukuma ile barua ndani ya kasiye ulikuwa wangu. Kumi walionyamaza nami wanajua. Ninyi mlioajiriwa baadaye hamjui. Wiki iliyopita, baada ya miaka sita, nilikwenda nyumbani kwa Mama Evodie kumwambia. Alinipa kiti, akaniacha niseme hadi mwisho. "Nilijua tangu siku ile," akasema. "Lakini miye siyo mwenye atakupigia kura, Jeancy."

Ndiyo maana nimeandika. Mkinichagua, mnichague mkijua. Mkimchagua mwenzangu, naomba niwe mmoja wa wale wawili watakaosimama mezani akifungua barua ya kwanza. Kazi hiyo nadhani naiweza.

Mama Evodie, tunakushukuru kwa kutulinda hata tulipokuwa tunakosea. Tunakuombea afya, siku nyingi, na nyumba yenye watu wa kucheka nao. Dirisha lako tutalifungua kesho saa mbili kamili, kama ulivyotufundisha.

Jeancy Kaomba, chumba cha kuchambua barua