Usukani wa Marehemu Evaristo

Ndugu Klementi Likwata, bwana shamba, anastaafu tarehe 30 Juni 1976, baada ya kuitumikia Serikali miaka ishirini na mitano. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Mwahija wa mashine ya chapa, kwa kuwa ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kuusoma mwandiko wake.

Alianza kwa miguu, akifundisha watu kupanda mikorosho kwa nafasi. Mwaka 1963 akapewa pikipiki. Upande wa Mtama ulikuwa wake; wa Milola ulikuwa wa marehemu Evaristo, bwana shamba mwenzake na mtani wake. Kila Alhamisi walikutana njia panda, wakala mihogo ya kuchoma na kutukanana mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Evaristo alifariki kwa homa mwaka 1971. Msibani mtani huchukua kitu cha marehemu na hakuna wa kumzuia. Klementi alikuja na spana, akafungua usukani wa pikipiki ya Evaristo, akaondoka nao. Waombolezaji walicheka. Ofisi haikucheka, kwa sababu pikipiki ilikuwa ya Serikali. Alipoandikiwa barua ajieleze, alijibu kwa mstari mmoja kwamba yeye ni mtani. Bwana Yahya, mkuu wetu, akaamua usukani ufungwe kwenye pikipiki ya Klementi, ubaki mali ya umma.

Usukani huo ulikuwa mrefu kuliko wake, na nyaya zikawa fupi. Akikata kushoto, waya wa mafuta ulivutika na injini ikanguruma yenyewe. Nyaya za Evaristo zilikuwepo stoo na zingetosha, lakini alisema hawezi kumvua mwenzake kila kitu. Miezi miwili, kila kona ya kushoto, alishuka akasukuma. Watu wa Milola walidhani ni adabu ya kuingia kijijini. Mwishowe alizichukua, akazifunga mwenyewe.

Hakuletwa bwana shamba mwingine. Pande zote mbili zikawa zake, na vijiji vipya vya ujamaa juu yake. Alhamisi aliendelea kusimama njia panda, peke yake, na mihogo ya watu wawili. Katika taarifa zake za safari, kila wiki kuna nusu saa isiyo na kazi. Niliichapa miaka mitano bila kumwuliza, na leo inaniuma.

Mkewe, Romana, alitangulia mbele ya haki zamani. Kijiji cha Kinjumbi anakokwenda kuishi hakuna anayemsubiri. Pikipiki lazima irudi ofisini. Aliomba usukani tu, na mwezi mzima hakujibiwa. Juzi mtunza stoo aliukuta usukani wa zamani wa pikipiki ya Klementi, ukarudishwa mahali pake, na Bwana Yahya akatia saini kwamba ule wa Evaristo haufai tena kwa matumizi ya Serikali.

Mzee Klementi, usukani wako uko mezani kwangu, umefungwa kwenye gunia. Tunakushukuru kwa kazi yako, na Mungu akupe uzee mwema. Basi lako ni la Ijumaa. Alhamisi pitia njia panda, nitaleta mihogo. Kutukana sijui, utanifundisha.