Bi Hija Suleiman Pazi na Maji ya Chini ya Tuta

Tunayemsindikiza leo kutoka hapa nyumbani kwake Mnyonyoni, Temeke, ni Bi Hija Suleiman Pazi. Alizaliwa Tandale siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Suleiman Pazi. Baba yake alibeba magunia sokoni na mama yake aliuza vitumbua mlangoni. Ndugu zake wakubwa walisema alianza kutembea akiwa na miezi tisa kwa sababu alichoka kusubiri kubebwa, na sisi tuliomfahamu hatuna sababu ya kubisha.

Alisoma madrasa na shule ya msingi palepale Tandale, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Akiwa darasa la tano mwalimu wa hesabu alimrudisha nyumbani akalete mzazi, kwa kuwa jibu la ubaoni lilikuwa na kosa na Hija alikataa kulinakili. Kesho yake alikuja na mama yake, akaomba radhi kwa adabu zote mbele ya darasa, akaketi, na bado hakulinakili. Kufaulu alifaulu, ila nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika, akaingia jikoni kumsaidia mama.

Tarehe 6 Novemba 1982 aliolewa na marehemu Khalil Mudathir, fundi wa majiko ya mkaa pale Manzese. Mungu aliwajalia watoto watatu: Naima, Mudathir na Najma. Mwaka 1998 walihamia huku Mnyonyoni na kujenga bondeni, chini kidogo ya tuta la bwawa. Enzi hizo bwawa lilikuwa la kunyweshea ng'ombe, na hakuna aliyelitazama mara mbili. Mzee Khalil alifariki mwaka 2009, akamwachia mkewe nyumba, watoto na majiko sita ambayo hayakuwa yamepata wateja. Bi Hija aliyawasha yote sita.

Mwaka 2013 bwawa liligeuzwa bustani ya mapumziko. Vikaja vijiboti vya kukanyaga pedeli, zikaja bembea, na spika kubwa kuliko milango ya nyumba zetu. Bi Hija akapata banda la chakula upande wa chini wa tuta, na wengi mlioketi hapa mmelamba vidole kwake. Maji ya kuoshea vyombo aliyakinga kwenye mchirizi uliotoka mguuni mwa tuta. Yalikuwa maji maangavu, ya bure, na hayakukatika hata kiangazi. Aliyasifia kwa kila mtu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisemwe leo, na lisemwe pamoja na kosa lake. Katika Ramadhani ya mwaka 2019, masika yakiwa yamekolea, maji ya mchirizi yalianza kuja na tope. Bi Hija akachukua kile kitambaa chake cha kuchujia tui la nazi, akakifunga mdomoni mwa ndoo, akaendelea na mapishi ya futari. Alichuja siku tisa. Siku ya kumi mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake, barabara imekauka, na kitambaa bado kilijaa udongo mwekundu. Hapo ndipo alipoinua macho akalitazama tuta, maana udongo wa namna ile ulikuwa pale tu.

"Siku tisa nachuja ukuta wa nyumba za watu," alikuwa akisema kila alipokumbuka. "Naukamua na kuumwaga. Mie huyu, najiona mjanja."

Alipanda na ndoo yake hadi ofisini kwa Anwar, msimamizi wa bustani. Zilikuwa zimebaki siku tatu Idd el Fitri iingie. Ili vijiboti vielee vizuri sikukuu, vijana wa bustani walikuwa wamepanga viroba vya mchanga kwenye mfereji wa kutolea maji ya ziada, bwawa likapanda karibu na ukingo.

"Shikamoo Bi Hija. Hiyo mvua tu, mama yangu. Masika haya, hata bomba linatoa tope."

"Mvua imekatika tangu juzi, baba. Sasa nani anaoga humo ndani ya tuta?"

"Mama, sie tuna Idd hapa, watu watafurika. Nenda kapike, ishu za bwawa tuachie wenyewe."

Bi Hija alikwenda, ila hakwenda kupika. Siku ileile alifika serikali ya mtaa, akaambiwa wahusika watapelekewa taarifa. Kesho yake alipanda bodaboda na ndoo mapajani hadi ofisi inayoshughulikia mabwawa, akaambiwa mhandisi atakuja baada ya sikukuu. Alirudi akapita nyumba kwa nyumba bondeni, akaomba watoto wakalale kwa ndugu. Wapo waliomcheka. Wapo waliosema anataka kuharibia wenzake biashara, wakasahau kuwa biashara ya kwanza kuharibika ilikuwa yake.

Asubuhi ya Idd, watu walipotoka kuswali, walimkuta ameketi kwenye mkeka langoni mwa bustani na gauni lake jipya, majiko yote sita yamezimwa. Mbele yake palikuwa na glasi mbili. Moja ilikuwa na maji ya kisima, na nyingine maji ya mchirizi, mekundu kama chai ya rangi. Kila mzazi aliyemshika mtoto mkono alisalimiwa, akapewa mkono wa Idd, kisha akaambiwa: "Haya mekundu ni tuta. Linatoka kidogo kidogo. Mimi wangu nimewaondoa." Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Ilipofika saa nne, nusu ya wageni walikuwa wamegeuza.

Anwar alishuka akiwa na kanzu nyeupe ya Idd, amekasirika kweli. Bi Hija alinyanyuka, akamshika mkono kama mwanawe, akampeleka hadi mguuni mwa tuta. Pale penye mchirizi Anwar alizama mpaka ugoko, mahali ambapo mwaka mzima watu walipita na ndala. Alichomoa miguu. Kisha alipanda juu, hakumwita mtu, akaanza kuvuta viroba kutoka kwenye mfereji kwa mikono yake, na ile kanzu haikufaa tena. Maji yalianza kushuka jioni ileile.

Siku mbili baadaye alikuja mhandisi, Benedicta, aliyekuta mzizi wa mti wa kivuli umeoza ndani ya tuta na kuacha njia ya maji. Alieleza kuwa tuta la udongo kuvuja kidogo si ajabu, hatari ni linapovuja na udongo wake. Dawa yake ilikuwa kufukua mzizi na kushindilia upya, kukata miti yote ya juu, halafu kutandika mchanga na kokoto pale chini, ili maji yapite na udongo ubaki. Bi Hija alisikiliza, akauliza kama hilo si chujio. Akajibiwa ndilo. Alicheka mpaka akakaa chini. Bustani ilifungwa miezi mitano, naye muda wote huo aliuza vitumbua Mbagala, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Tangu hapo hakuamini tena maneno ya mtu. Kila alfajiri baada ya swala alikinga glasi ya mchirizi, akaitazama mbele ya ukuta mweupe wa banda, akaandika kwenye daftari neno moja: safi. Siku mbili za mwaka 2023 aliandika jingine, tope, na siku hizohizo Anwar alipunguza maji bila kuuliza swali.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alipolazwa mwezi huu, Naima alimuuliza kama amekula. Yeye akauliza, "Nani kaangalia maji leo?" Naima akasema Najma. "Najma huyu hapa ananikanda miguu. Msinifanye mtoto." Najma akaondoka, akarudi na picha kwenye simu. Mama akaisukuma: "Picha haina tope. Leta maji." Yakaletwa kwenye chupa. Aliyainua kwenye mwanga wa dirisha, akayatazama kwa muda, akasema, "Haya," akalala. Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo daftari halikuandikwa, na ndiyo siku pekee kwa miaka sita.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake Bi Mwanakombo, na kaya arobaini na moja za bondeni zilizoamka salama leo. Tumeumia, na hatufichi. Mwenyezi Mungu ampokee kwa upole, ampe pumziko ambalo hapa hakutaka kulichukua.

Vuli imeanza, na bwawa linajaa. Leo alfajiri, kabla ya maiti kuoshwa, Najma alikwenda na glasi. Yalikuwa safi, ameandika. Kesho ni zamu ya Anwar. Ameiomba mwenyewe, na daftari tumeshamkabidhi.